Dakika Tano za Inchaji

Katika mambo yote ya dunia Inchaji alikuwa na subira katika jambo moja tu, na subira yenyewe ilidumu dakika tano. Nje ya hapo alikuwa mtu wa mbio. Alikula amesimama, kijiko mkono huu na faili mkono ule. Pale Nanyala alishuka kwenye basi kabla halijasimama sawasawa, na makonda wa njia ya Tunduma walishamzoea. Wakimwona anakaza kitenge kiunoni walimfungulia mlango mapema. Kanisani aliitangulia kwaya kwa neno zima, mpaka mwalimu wa kwaya akamwomba kwa adabu akae benchi la nyuma. Lakini akishaunganisha bomba la sindano na kanula, kile kimrija kilichochomekwa mkononi mwa mgonjwa, haraka yote ilimtoka. Alivuta kiti, akakaa, akatazama saa yake aliyoibana kifuani, kisha akaanza kusukuma dawa kidogo kidogo huku akiuliza habari za shambani.

Sisi wauguzi wenzake tulimwita Inchaji kwa sababu ndiye aliyekuwa msimamizi wa wodi. Hospitali yenyewe ni ndogo, ipo Mbozi karibu na barabara kuu, kwa hiyo wodi zote tatu zilikuwa zake. Wagonjwa walimwita Sista, na wakishapona walimwita Mama. Nilifanya naye kazi miaka kumi na moja. Jina lake silitaji, maana angenigombeza, na katika kugombezwa naye nimeshapata fungu langu.

Jambo moja niliseme mapema, msomaji asije akanidhania mwema kuliko nilivyo. Inchaji aliishi kwa ajili ya ile sindano ya mshipani. Aliwahi kusema mbele yetu sote kwamba siku watakayomtoa kwenye sindano wamtoe na kwenye wodi, aende zake akapalilie kahawa. Na mimi, miezi mitano kabla ya siku nitakayoieleza, nilijua kwamba macho yake yamekwisha. Nilijua, nikanyamaza. Mengi ya kumsifu yanafuata na yote ni kweli, lakini na hilo ni kweli.

Somo langu la kwanza kwake nililipata siku ya tatu kazini. Nilikuwa nimetoka chuo, mikono myepesi, najiona fundi. Nikampa mzee mmoja wa kijiji cha Ruanda, hapo hapo Mbozi, ampisilini, nikaisukuma yote kwa muda wa kuulizana hali tu. Mzee akaushika mkono wake, akalalamika kwamba unawaka mpaka begani. Inchaji alikuwa kitanda cha pili. Hakusema neno mbele ya mgonjwa. Alinipeleka jikoni, akajaza maji kikombe kikubwa cha bati, akaniambia niyanywe yote kwa pumzi moja. Nilidhani ni utani. Nikanywa, katikati yakanipalia, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Yeye alisimama akangoja nimalize.

"Wewe umekohoa," akasema. "Mshipa haukohoi."

Kisha akanirudisha kwa yule mzee nikakae naye mpaka mkono utulie, nikimkanda kwa kitambaa chenye maji ya baridi. Tangu siku ile sijawahi kumsukumia mtu dawa kama ninayemwaga maji ya kuoshea vyombo.

Matayarisho yake yalikuwa kitu cha kutazama. Alinawa mpaka viwikoni, akaupangusa mpira wa kichupa kwa spiriti, halafu akangoja ikauke. Kwa mtu wa mbio kama yeye, kule kungoja spiriti kulitushangaza wote. Mwanafunzi mmoja aliwahi kupuliza mpira ule kwa mdomo ili ukauke upesi. Inchaji akamuuliza kwa upole kabisa kama pumzi yake ni safi kuliko spiriti, akakitia kichupa kile kwenye ndoo ya taka na kumtuma dirisha la dawa akaeleze mwenyewe kwa nini kinahitajika kingine. Maji ya kuchanganyia aliyaacha yateremke taratibu kwenye ukuta wa kichupa, si juu ya unga. Hakutikisa. Alikiviringisha kichupa katikati ya viganja vyake mpaka unga wote ukayeyuka, na aliyetikisa alimuuliza kama anasuka maziwa. Kisha akakiinua kwenye mwanga wa dirisha aone kama kuna chembe iliyobaki. Akavuta dawa, akatoa hewa yote, akagongagonga bomba kwa ukucha mpaka kipovu cha mwisho kikapanda juu.

Kitandani napo alikuwa na mpangilio wake. Kwanza alisukuma maji ya chumvi kidogo aone kama mshipa bado ni mzima, huku kidole chake kimelala juu ya ngozi, kwa sababu alisema uvimbe unaupata kwa kidole kabla hujauona. Ndipo dawa ikafuata, na baada ya dawa maji ya chumvi tena. Haya ya mwisho aliyaita ya kusindikiza. Mgeni akiondoka, alisema, humwachi mlangoni, unamtoa mpaka barabarani.

Lakini kabla ya yote hayo kulikuwa na kusoma. Hapa sijui kama kuna wodi nyingine iliyokuwa na desturi hii, mimi sijaiona. Muuguzi wa pili alisimama, akachukua kichupa cha dawa na kile kichupa kidogo cha kioo chenye maji, akasoma kwa sauti kilichoandikwa, jina, kiasi na tarehe ya mwisho. Kisha vyote viwili vikapewa mgonjwa mwenyewe, au mama kama mgonjwa ni mtoto, avishike na kuvitazama. Naye akataja jina lake au la mwanawe. Ndipo dawa ikachanganywa. Wengine walikuwa hawajui kusoma. Inchaji alisema haidhuru, washike tu, mtu akishika kitu mara nne tano anakijua. Madaktari vijana waliokuja kwetu walicheka wakisema wodi yetu ni kama ubatizo. Inchaji hakujali. Aliwaambia dawa ni ya mgonjwa, na mwenye mali lazima aonyeshwe mali yake kabla haijaingia ndani.

Zile dakika tano za kusukuma dawa ndizo alizozitumia kujua habari za watu. Wachimbaji wa dhahabu kutoka Saza, watu wakavu wa maneno, walimweleza mambo ambayo wake zao hawakuyajua: urefu wa shimo, nani aliangukiwa na kifusi, nani ametoroka na nani. Alijua shamba gani la kahawa limeingiwa na ugonjwa na mkwe wa nani hapikiki chungu kimoja na nani. Sitamsingizia utakatifu. Alipenda umbea, na umbea wa dakika tano kwa kila kitanda ukiukusanya asubuhi nzima unatosha wiki. Ila sikuwahi kusikia neno la mgonjwa likitoka wodini kupitia kwake. Aliingiza tu, hakutoa.

Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpaka pale Tunduma walikuwa wakiletwa kwetu mara kwa mara, wengine Wazambia. Mmoja, baba mnene mwenye kidonda cha mguu kilichooza, aliiogopa sindano mpaka jasho likamtiririka. Inchaji akamsalimia kwa Kibemba chake cha sokoni, mulishani, yule baba akajibu bwino kwa sauti ya kitoto. Akamwomba Inchaji aende panono-panono. Inchaji akaliuliza neno hilo maana yake, akaambiwa ni polepole, kidogo kidogo. Basi alilichukua likawa lake. Tangu hapo akipita nyuma yako wakati unasukuma dawa ulimsikia akisema tu, "Panono-panono," akaendelea na safari yake mbio mbio kwenda kumgombeza mtu wa maabara.

Hasira alikuwa nayo ya kutosha. Akikasirika Kiswahili kilimwishia, akahamia Kinyiha, na sisi tusio Wanyiha tulishukuru kwa kutoelewa. Lakini hasira yake ilikuwa fupi. Alikugombeza saa tatu, saa tano akakuletea kiazi cha kuchemsha kwenye mfuko wa koti.

Na sasa niseme lililotuchekesha miaka yote. Inchaji aliogopa sindano. Mtu aliyechoma nusu ya Mbozi, yeye mwenyewe hakutaka kuchomwa. Akipata homa alianza na tangawizi na limau, kisha majani fulani aliyochemsha nyumbani ambayo mgonjwa akiyataja wodini alimkaripia, kisha vidonge, na kwa sindano ilibidi abembelezwe. Mwaka mmoja kifua kilimbana kweli, daktari akaandika dawa ya mshipani, na mimi ndiye niliyepangiwa. Alifumba macho, akashika gauni langu la kazi kwa mkono wa pili, akalikamata kwelikweli. Nikamsomea vichupa. Nikampa avishike. Nikasukuma dakika tano kamili kwa saa. Alipofumbua macho akaniambia nimekwenda vizuri, ila nimesahau kumuuliza habari za shambani.

Nilimpenda. Nataka nilitamke hivyo hivyo, bila kulizungusha. Nilifiwa na mama yangu nikiwa bado chuoni, na bila kutamka kwa mtu nilimweka Inchaji mahali pale palipobaki wazi. Ndiyo maana yaliyofuata yalikuwa magumu kwangu.

Nilianza kuona mwezi wa tatu, wakati wa mvua. Kichupa alichokuwa akikiinua kwenye mwanga alianza kukitoa mpaka nje barazani. Alinunua miwani ya kusomea sokoni Tunduma, akaitundika shingoni, akaivaa na kuivua bila kuona tofauti. Tulimsifu jinsi anavyopata mshipa kwa kupapasa tu, uso ameutazamisha pembeni. Wanafunzi walisema vidole vyake vina macho. Mimi nikaanza kufikiri kwamba huenda vidole vinafanya kazi ya macho kwa sababu macho yenyewe hayapo. Siku moja alitoboa pembeni ya mpira wa kichupa, sindano ikateleza kwenye chuma. Akacheka. Siku nyingine aliniuliza mistari ya bomba imefika wapi, akasingizia kwamba dirisha lina vumbi. Dirisha nilikuwa nimelifuta mwenyewe asubuhi ile.

Na kila asubuhi, ikifika saa ya kusoma, kichupa alinipa mimi. Si muuguzi mwingine, mimi. Alinikabidhi, akanitazama kidogo, akangoja. Nilisoma kwa sauti kubwa na ya wazi, nikajiambia kwamba nikiwa karibu naye hakuna kitakachoharibika. Nilijipangia zamu zake. Niliwahi kukataa likizo. Nilijiona mwema sana. Kumwambia mtu mzima kama yule, aliyenifundisha kazi, kwamba haoni? Kwetu mtu humwambii mama yake maneno hayo. Unamzungukia, unamfichia, unamshika mkono kwenye ngazi ukijifanya unamsalimia.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Muuguzi wa tatu alikuwa amemsindikiza mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Mbeya, tukabaki wawili. Mimi nilikuwa upande wa pili nimemshika mgonjwa aliyekuwa akitapika. Dawa za saa nne zilikuwa zimefika, na Inchaji, ambaye hakuvumilia dawa ichelewe, akaanza na mtoto wa dirishani. Alikuwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye homa ya uti wa mgongo, siku ya nne anaendelea vizuri, ameanza kudai uji. Mama yake alikuwa mfugaji kutoka Momba, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, aliyefika kwetu akiwa amempakata mtoto kwenye pikipiki kutoka bondeni kule. Dawa ilikuwa seftriaksoni.

Sasa, unga wa seftriaksoni huchanganywa na maji safi ya sindano ikiwa unaipeleka mshipani. Ikiwa ni ya kuchoma kwenye msuli, ambayo huuma sana, yapo maboksi yanayokuja na kichupa kingine kidogo, cha dawa ya ganzi, ili mtu asiumie. Vichupa hivyo viwili vinalingana kwa umbo, vyote ni kioo, vyote ndani ni vyeupe kama maji. Ila dawa ile ya ganzi ikiingia mshipani mwa mtoto inaweza kuusimamisha moyo. Kwetu maboksi hayo hayakutakiwa kufika wodini. Asubuhi ile mtu, hatukujua nani, alikuwa ameliweka moja kwenye troli letu.

Inchaji alichanganya bila kusoma, kwa sababu msomaji wake alikuwa ameshika beseni la matapishi. Akaenda kitandani, akavuta kiti, akakaa. Akaisafisha njia kwa maji ya chumvi, akaunganisha bomba. Kidole gumba kilikuwa tayari.

"Sista," akasema yule mama, "leo hujanisomea."

Nililisikia neno hilo kutoka nilipokuwa, kwa sababu alilisema bila woga, kama mtu anayedai chenji yake. Muuguzi mwingine angesema subiri nimalize. Inchaji alikiondoa kidole gumba. Akachukua kile kichupa kitupu kutoka kwenye sinia, maana vitupu hakuvitupa mpaka amalize, akakiinua kwenye dirisha. Akakisogeza karibu, akakipeleka mbali, akavaa miwani, akaivua. Hatimaye alinyoosha mkono akampa yule mama kichupa.

"Nisomee wewe," akasema.

Yule mama alikitazama. Kiingereza hakukijua, lakini siku tatu mfululizo alikuwa amevishika vichupa vyetu.

"Siku zote kinaanza na W," akasema. "Hiki kinaanza na L."

Niliacha beseni, nikafika, nikakichukua, nikasoma. Haikuwa Water, yaani maji; ilikuwa Lidocaine, ile dawa ya ganzi. Hakuna tone lililokuwa limeingia. Inchaji alilichomoa bomba taratibu, akaliweka kwenye sinia, akaweka mikono yake miwili mapajani akaitazama. Kisha akaniambia nichanganye upya, nisome, nisukume mimi. Nikafanya hivyo yeye akiwa amesimama nyuma yangu, na kwa dakika tano zile sikusikia panono-panono wala neno lolote.

Nilipomaliza alimgeukia yule mama. Mbele ya wodi nzima, wagonjwa, ndugu zao na mfagiaji, akamwambia kwamba alikuwa karibu kumpa mwanawe dawa ya kumuua, kwamba kosa ni lake na si la mtu mwingine, na kwamba anaomba msamaha. Akapiga goti kidogo alipokuwa akisema, yeye mwenye miaka hamsini na nane, kwa mwanamke ambaye hakufika thelathini. Sijawahi kumwona muuguzi akifanya hivyo, na mimi mwenyewe sina hakika kama ningeweza. Yule mama alimwinua. Halafu akauliza kama dawa ya kesho ipo palepale.

Ofisini nilimkuta Inchaji amefungua daftari la ripoti. Nikamwomba asiandike. Nilimwambia mtoto ni mzima, hakuna aliyeumia, waliosikia ni wagonjwa na ndugu zao ambao wataondoka, na yule mama atarudi Momba. Nilimwambia amebakiza miaka miwili tu astaafu. Nilimshika mpaka mkono. Aliutoa mkono wangu, akaandika kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka kwenye mistari: dawa iliyokusudiwa, iliyochanganywa, aliyechanganya, aliyegundua. Penye aliyegundua aliandika jina la yule mama. Mwisho akaandika kwamba aliyechanganya haoni vizuri na asipewe tena kazi ya sindano. Akalifunga daftari, akalipeleka mwenyewe kwa mganga mkuu, kwa mwendo wake uleule wa mbio, akigusa ukuta kwa vidole.

Mtoto aliporuhusiwa, Inchaji ndiye aliyembebea yule mama mfuko mpaka barabarani, akasimamisha basi kwa mkono, akamgombeza konda mpaka mama akapata kiti.

Tulidhani ataondoka. Si alisema wamtoe na kwenye wodi? Hakuondoka. Aliomba meza moja kwenye kona ya chumba cha mafunzo, na kwa miaka miwili iliyobaki akawafundisha wanafunzi kusukuma maji matupu kwenye mpira wa dripu iliyokwisha. Dakika tano kila mmoja, na ilikuwa lazima wamweleze jambo fulani la maana wakati wanasukuma. Aliyenyamaza alianza upya. Waliopita mkononi mwake wametawanyika sasa, Momba, Ileje, Tunduma, na ukimwona muuguzi amevuta kiti kabla ya kusukuma dawa unajua ametoka wapi. Siku ya kumuaga tulimpa kitenge na saa ya ukutani. Alishukuru kwa sentensi mbili, akawahi basi.

Lakini katika miaka miwili ile hakuniuliza kitu. Hakuniuliza kama nilijua. Tulikula pamoja, tulicheka, na neno hilo lilikuwa limekaa katikati yetu kama mtu wa tatu mezani.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona kwake Ruanda. Imepita miaka sita tangu astaafu, na sasa mimi ndiye inchaji wa wodi zile. Nilimkuta nyuma ya nyumba kwenye kichanja cha kahawa, anachambua punje mbovu, anatupa pembeni moja moja bila kukosea. Mwaka mmoja baada ya kustaafu walimtoa mtoto wa jicho Mbeya, macho yote mawili. Aliponiona kwa mbali aliniambia nimenenepa, na kwamba kitambaa changu cha kichwani hakioani na gauni.

Nikavuta kigoda, nikaanza kuchambua naye. Aliuliza habari za wodi, za fulani na fulani. Simu yangu ikalia. Kijana wa zamu alikuwa ameniandikia kuuliza kipimo cha dawa ya mtoto. Nikasoma, nikamjibu, nikarudi kwenye kahawa. Ikalia tena, nikajibu tena.

"Ulikuwa unajua," akasema, bila kuinua kichwa.

Sikujifanya sielewi. Nilimwambia ndiyo, nilijua tangu wakati wa mvua, miezi mitano.

"Mbona hukuniambia?"

Nilimwambia nilimheshimu. Nilimwambia alikuwa kama mama yangu, na sikuona namna ya kumwambia mama maneno yale.

Aliokota punje mbili tatu akazitupa. "Heshima hiyo ingemuua mtoto wa watu," akasema.

Hakulisema kwa ukali. Ningependa angelisema kwa Kinyiha nisielewe. Nililia pale pale juu ya kahawa yake, na yeye aliniacha nilie, akaendelea na kazi mpaka nilipojifuta uso kwa kitambaa kile kisichooana.

"Usilie kama uko peke yako," akasema. "Unafikiri kwa nini kila asubuhi kichupa nilikupa wewe? Nilikuwa nasema, leo huyu ataniambia. Akiniambia, naacha. Kujisemea mwenyewe sikuweza, mwanangu. Niliogopa wataninyang'anya wodi. Nikakubebesha wewe mzigo wangu, na wewe ukaubeba kimya kimya. Tulikuwa waoga wawili, na yule mama wa Momba akatushinda."

Nilitaka kumwambia jambo, sijui lipi, la kumshukuru au la kumwomba radhi. Simu ikalia mara ya tatu. Kijana yuleyule, anauliza kuhusu kitanda kingine. Nikaiinua, nikasoma, nikamjibu. Nilipoiweka chini nikakuta Inchaji ameacha kuchambua. Alikuwa ananitazama, macho makavu yanayoona kila kitu.

"Una miaka mingapi sasa?"

"Arobaini na sita."

"Na dawa bado unachanganya mwenyewe?"

Nikasema kila siku.

Alijipangusa mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Toka umekaa hapo hiyo simu umeipeleka mbali mara tatu," akasema. "Mara ya mwisho mkono ulikwisha. Huoni vizuri. Jumatatu usishike kichupa mpaka upime macho."

Nikaanza kusema ni jua, ni uchovu wa safari, ni maandishi ya simu yenyewe ni madogo.

"Mimi nimekuambia," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.